Tulivyokwenda Kuwaokoa Watu wa Ikombe

Usharika wetu wa Ngonga ulianza kujiuliza ni nani baada ya vijana kuondoka. Kanisa jipya lilifunguliwa njia ya kwenda mjini Kyela, lenye spika kubwa kuliko madhabahu yetu, na likawavuta mmoja mmoja. Walianza wapiga gitaa, wakafuata waimbaji, kisha wale waliokuwa wanawapenda waimbaji. Tukabaki sisi wa mabenchi ya mbele, na watoto ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa kuja. Miaka yote tulipokuwa tunajaa hadi barazani, hakuna aliyewahi kuuliza sisi ni nani.

Wazee wa kanisa wakaunda Kamati ya Uhuisho. Mwenyekiti wake alikuwa mstaafu aliyerudi kutoka Dar es Salaam, alikofanya kazi ofisi moja ya serikali mpaka akaagwa kwa saa ya ukutani. Ni mtu mwema, wala sitaki nieleweke vibaya. Shida yake ni kwamba alikuwa amezoea kuongoza mikutano, na huku kwetu alikuta mpunga na migomba, vitu visivyokuwa na ajenda. Alipopewa kamati, alinawiri mbele ya macho yetu. Alianza kuvaa viatu vya kufunga kamba hata wakati wa matope, na huku matope ni karibu mwaka mzima.

Mimi niliingia kwenye kamati kwa sababu umoja wa wanawake ulipaswa kuwa na mwakilishi, na siku ya kuchagua nilikuwa msibani kwa shangazi yangu, kwa hiyo sikuwepo kukataa.

Jambo la kwanza tulilofanya ni semina. Mwenyekiti alimleta mwezeshaji kutoka Mbeya, kijana nadhifu aliyevaa suruali ya kubana na ambaye kila baada ya sentensi mbili alituuliza kama tuko pamoja. Alibandika makaratasi makubwa ukutani. Ukuta wetu una unyevu, makaratasi yakawa yanaanguka moja baada ya jingine, naye akawa anazungumza huku ameyashikilia kwa viganja vyote viwili kama mtu anayezuia nyumba isidondoke. Kwenye karatasi la kwanza aliandika: Sisi ni nani?

Bibi mmoja wa benchi la mbele alinyoosha mkono akasema sisi ni watu wa Ngonga. Mwezeshaji akamshukuru, akasema hiyo ni anwani. Mzee mwingine akasema sisi ni wale ambao hatukuhama. Mwezeshaji akacheka kidogo, akaona hatucheki, akaandika pembeni kwa herufi ndogo. Kufikia wakati wa wali na nyama, tulikuwa tumejifunza kwamba tuna dira, dhamira na maadili ya msingi, na kwamba vyote hivyo tulikuwa tumeishi navyo bila kuvijua. Wali ulikuwa mzuri. Hilo tulikubaliana wote.

Mwishoni tukapata kaulimbiu: Usharika Uliotumwa. Mwezeshaji alisema maneno hayo yatatutoa ndani ya kuta na kutupeleka kwa wasiofikiwa. Akapanda gari lake akarudi Mbeya, akatuachia kazi ya kuwatafuta hao wasiofikiwa.

Haikuwa kazi rahisi. Mchungaji wetu, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu usharikani na aliyemwogopa mwenyekiti zaidi ya alivyomwogopa askofu, alishauri tuanze na wafanyabiashara Waislamu wa mjini. Wale tumekua nao, wanakuja kwenye misiba yetu kabla ya baadhi ya wazee wa kanisa, na misumari yote ya paa la kanisa ilitoka dukani kwa mmoja wao. Hakuna aliyetaka kumwendea mtu kama huyo na kumwambia amepotea. Mtu mwingine akataja walevi wa vilabuni. Wanawake wawili wakaangalia chini, kwa sababu waume zao walikuwa huko muda huohuo. Nilipowataja vijana waliohamia kwenye spika, mwenyekiti alisema hao wameshafikiwa, wamefikiwa vibaya tu.

Ndipo yeye mwenyewe akaitaja Ikombe.

Ikombe iko ng'ambo, ufukoni mwa ziwa, chini ya milima, na huwezi kufika kwa gari. Unakwenda mpaka Matema, unapanda mtumbwi au boti, unafuata ufuko mpaka uone moshi wa vyungu. Wanawake wa kule ndio wanaofinyanga vyungu tunavyopikia, na wanavileta mnadani. Mwenyekiti alikuwa hajawahi kufika. Alisema kusikofika barabara, Injili nayo inafika kwa shida.

Nikasema kule kuna kanisa. Nilikuwa nimenunua vyungu kwa wanawake wale tangu nilipoolewa, na mara nyingi niliwakuta wanaimba nyimbo zilezile tunazoimba sisi, tena bila kushika kitabu.

"Mama," mwenyekiti akaniambia kwa upole, "kuwepo kwa kanisa si kuwepo kwa kanisa hai."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Neno hilo liliwapendeza kwa sababu lilitufanya sisi tuwe ndio kanisa hai, jambo ambalo tangu vijana waondoke tulikuwa tumeanza kulitilia shaka. Na niseme ukweli wa jambo lingine ambalo hakuna aliyelitamka mle ndani. Sisi Wanyakyusa tuna mazoea ya kuwaona Wakisi, hao watu wa Ikombe, kama wadogo zetu waliokaa sana majini. Hakuna mjumbe aliyeona ajabu kwamba tuwapelekee Mungu.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Tulikodi jenereta, tukaazima kinanda, tukafundishana nyimbo za kuitikia, na mwenyekiti akaagiza fulana mjini. Zilifika jioni ya mwisho kabla ya safari, zimefungwa kwenye nailoni. Tulipozikunjua tukaona fundi amekosea. Badala ya Usharika Uliotumwa, aliandika Usharika Uliotumika.

Mwenyekiti alizitazama moja moja. Kisha akasema maana ni ileile, kutumika ni kumtumikia Bwana. Tukazivaa.

Tulipita Ipinda asubuhi, tumejazana nyuma ya pikapu, tukasimama kununua maji. Mwenye duka, mzee mmoja Mwislamu mwenye kofia nyeupe, alisoma maandishi kifuani kwangu polepole, akanipa maji yangu, akauliza kama mpya nao upo. Aliuliza kwa adabu kabisa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Ziwa siku hiyo lilikuwa limechafuka. Upepo wa mwera ulikuwa unasukuma mawimbi kutoka kusini, na boti yetu ikawa inapanda na kushuka, kinanda kimefunikwa turubai kama maiti. Mwenyekiti alikaa mbele ili awe wa kwanza kukanyaga nchi. Hatukufika mbali akaanza kutapika. Nahodha, ambaye alikuwa Mkisi na hakujua kwamba yeye ni miongoni mwa watu tunaokwenda kuwaokoa, alimshika mabega asitumbukie, akamwambia aangalie milima, asiangalie maji. Wimbi moja likaingia na kuijaza jenereta maji. Tangu hapo ilikuwa mzigo tu.

Wanawake wa Ikombe walituona kwa mbali. Walidhani tumefuata vyungu, na mpaka tunashuka walikuwa wameshavipanga mchangani, vikubwa kwa vidogo, na mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta majani makavu ya kufungia. Mama mmoja mzee, mfupi, mikono imekauka udongo mpaka kwenye viwiko, akatujia mbele akatuinamia na kutusalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile." Hatukuweza hata kumwitikia vizuri. Nusu yetu tulikuwa tunakamua nguo na nusu nyingine tulikuwa tunamshikilia mwenyekiti.

Mchungaji akamweleza kwamba hatukuja kwa vyungu, tumekuja kuhubiri. Uso wa yule mama ukafunguka. Akatushukuru, ndaga fijo, akasema ni siku nyingi hawajapata wageni wa Injili. Akamwita mtu kwa Kikisi, na baada ya muda mfupi tukasikia kengele ikilia kule mlimani. Ilikuwa kengele nzito, ya shaba, yenye sauti nzuri kuliko ringi ya gurudumu tunayogonga sisi Ngonga.

Mwenyekiti akainua kichwa. "Kumbe walikuwa wanatusubiri," akasema.

Watu wakashuka kwa wingi. Vijana walikuwa wengi kuliko wazee, na hapakuwa na spika popote. Mwinjilisti wao, mwanamume mrefu mwenye koti kuukuu lililopigwa pasi, akatukaribisha kanisani. Mwenyekiti akamshukuru, akasema misheni haifanyikii kanisani, misheni inafanyika kwa watu. Mwinjilisti akatazama kanisa lake, akawatazama watu wake waliokuwa tayari wameshaanza kuingia, akasema sawa. Basi wakatoka tena na kuyabeba mabenchi kichwani, wakashuka nayo mpaka mchangani, wakayapanga yakielekea ziwani, wakakaa kusubiri waokolewe.

Mwenyekiti alihubiri juu ya giza. Alikuwa bado na rangi ya majivu kwa sababu ya ziwa, lakini alipata nguvu kadiri alivyoendelea. Aliwaambia wanaoishi mbali na barabara kwamba hata Bwana alivuka maji kuwafuata watu waliofungwa na pepo. Watu walimsikiliza kwa heshima. Kila alipotaja andiko, akinamama wa mbele walilimalizia kwa sauti ya chini kabla hajalimaliza. Alilichukulia hilo kuwa ni mguso wa Roho.

Kisha akawaita watubu. Aliomba anayetaka kuyatoa maisha yake asogee mbele, nasi tukaanza wimbo. Tukamaliza ubeti wa kwanza, hakuna aliyesimama. Tukamaliza wa pili. Watu wa Ikombe walikuwa wanatusaidia kuimba, sauti nne, wanatuzidi kwa mbali. Tukaumaliza wimbo, tukaurudia. Mwenyekiti alikuwa amenyoosha mikono yote miwili na jasho linamtiririka, fulana yake imelowa na kumshika mwilini, na neno lile Uliotumika limekaa tumboni. Nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa najionea huruma na mimi, kwa sababu nilijua tutarudi kwenye lile ziwa na mashine iliyokufa na mikono mitupu.

Hapo yule mama mzee akasimama. Alijipangusa udongo kwenye khanga, akaenda mbele, akapiga magoti mchangani. Akawatazama wenzake mara moja tu. Akasimama mwingine, na mwingine. Kwaya nzima ikaja. Wazee wa kanisa wakaja, wameinamisha vichwa. Mwisho kabisa, mwinjilisti akafunga vifungo vya koti lake akaja akapiga magoti kati ya watu wake.

Mwenyekiti akalia. Alilia kweli, kwa sauti, kama mtu aliyepokea barua ya mtoto aliyepotea. Alikwenda akiwawekea mikono kichwani mmoja mmoja, na nyuma yake mjumbe mmoja akawa anapiga picha kwa simu.

Baadaye walitulisha mbasa, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo, tukala mpaka tukashindwa. Nilikuwa ninamsaidia yule mama kufunga vyungu walivyotupa kama zawadi, nikamuuliza kwa sauti ya chini alibatizwa lini. Akasema alibatizwa mgongoni kwa mama yake, na mama yake alibatizwa hapohapo.

"Sasa mama," nikamuuliza, "mbele mlikwenda kufanya nini?"

Alikaza kamba ya chungu kwa meno kabla ya kunijibu.

"Mwanangu, mmevuka maji yale na mashine na kinanda. Mngerudije?"

Kisha akaongeza kwamba kutubu mara nyingine hakumdhuru mtu, na kwamba yule baba alionekana kama anahitaji kuona watu wametubu.

Nilisema jambo hilo kwenye kamati tuliporudi. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisizime moto ambao Bwana ameuwasha. Picha zilikuwa zimeshawekwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Jumapili ile tuliimba kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu vijana waondoke. Bibi wa benchi la mbele, yule aliyeambiwa ametoa anwani, alinishika mkono mlangoni akaniambia kumbe na sisi tunaweza.

Mchungaji naye, kwa furaha au kwa kusukumwa, akazituma picha zile kwa Mkuu wa Jimbo, anayesimamia sharika zote za huku.

Simu ilipigwa tukiwa kwenye kikao. Mwenyekiti alitaka pongezi zisikike na wote, akamwambia mchungaji aweke sauti ya juu. Mkuu wa Jimbo alitusalimia vizuri, akauliza hali ya mpunga. Kisha akasema ameziona picha, ila kuna moja hakuielewa.

"Huyu aliyepiga magoti katikati ni mwinjilisti wangu," akasema. "Amefanya kosa gani?"

Mchungaji alikuwa ameishika ile simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mwenyekiti akakohoa, akaeleza kwa lugha ndefu kwamba tulikwenda kimkakati, na kwamba huenda waumini wale walikuwa wamepoa.

Mkuu wa Jimbo akasema alikuwa kwao mwezi uliopita kubariki paa lao jipya, na hawakuwa wamepoa. Aliongeza kwamba Ikombe ni ya jimbo lake kama Ngonga ilivyo, na kwamba katika mitaa yote ya ufuko ule, wale ndio ambao hajawahi kupigiwa simu kuwasuluhisha. Akatuomba tuwaalike, tuwapokee vizuri, na tuwaombe radhi. Alikata simu kwa baraka.

Mwenyekiti hakuja kanisani Jumapili iliyofuata. Mkewe alisema ana malaria.

Watu wa Ikombe walikuja baada ya mavuno, kikundi kidogo, akinamama wengi na mwinjilisti wao, na kwenye khanga zao walikuwa wamefunga samaki wakavu. Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba radhi. Alifika nayo kwenye sentensi ya kwanza, yule mama mzee akainuka, akamshika mikono yote miwili, akasema yamekwisha, akauliza wagonjwa wenu wako wapi.

Mama akaeleza kwamba kwao mgeni wa kanisa akifika, kwanza anapelekwa kwa wagonjwa, ndipo anakaa. Alidhani siku ile hatukuomba kuwaona wa kwao kwa sababu tulikuwa tumelowa.

Mchungaji akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia mzee wa kanisa wa mtaa. Mwisho mtu akamkumbuka mama mmoja anayekaa nyuma ya mikakao, hatua chache tu kutoka kanisani. Zamani ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo zetu zote, mpaka miguu ikafa na akabaki ndani. Tukaondoka wote kwenda huko, wageni na wenyeji, tukipita chini ya mikakao iliyokuwa inatudondoshea maji shingoni.

Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Alipoona umati ule, mchungaji mbele amevaa kola, wazee wa kanisa, kwaya, watu wenye vitabu vya nyimbo, alijiinua kwa kiwiko kwa hofu.

"Nani amewaambia nimekufa?" akauliza.

Akinamama wa Ikombe walicheka, wakadhani ni utani. Sisi wa Ngonga hatukucheka.

Mwenyekiti akaona anapaswa kuongoza. Akasogea, akafungua begi lake, akaanza kueleza kwa nini kamati imeona ni vyema kumtembelea. Yule mama wa Ikombe alikuwa ameshaingia ndani na kuona mtungi mtupu. Akatoka na ndoo, akaiweka mkononi mwa mwenyekiti, katikati ya sentensi, akamwonyesha upande wa bomba. Mwenyekiti akaitazama ndoo. Akatutazama sisi. Kisha akakabidhi begi kwa mchungaji, akaenda na viatu vyake vya kamba. Alirudi na maji nusu ndoo, suruali imelowa mpaka magotini, akaambiwa hayatoshi, akarudi tena.

Wengine tulifagia, tukamwogesha mama, tukapika samaki. Mgonjwa akaanzisha wimbo akiwa amekaa, kwa sauti iliyopasuka, nasi tukaitikia vibaya kwa sababu tulikuwa tumeusahau. Wageni ndio waliotushikilia mpaka mwisho.

Hayo ndiyo mambo ya uhuisho wetu. Vijana hawajarudi, isipokuwa mpiga gitaa mmoja ambaye kule kanisa jipya alikatazwa kuoa mpaka aoteshwe ndoto. Siku za Alhamisi tunakwenda kwa wagonjwa, na tumegundua wako wengi kuliko tulivyodhani. Kamati bado ipo. Mwenyekiti anaiita kazi hiyo Awamu ya Pili ya Mpango, na anasema ilikuwemo kwenye dira tangu mwanzo. Yule mwezeshaji naye amesikia, na inasemekana anatupigia mfano kwenye semina za sharika nyingine, kwa makaratasi mapya.

Lakini Alhamisi iliyopita nilichelewa, nikamkuta mwenyekiti kwa yule mama wa nyuma ya mikakao peke yake. Alikuwa amevaa kandambili, anachuja maji kwenye kitambaa, na anahubiri huku anachuja. Alipotoka kwenda kuosha ndoo, nikamuuliza mama kama anamchosha, nimwambie apunguze.

Mama akafikiri.

"Maneno ni mengi," akasema. "Ila maji yake ni safi. Mwache aje."